Njia ya Margherita Hupita Matopeni

Mgeni afikapo mjini Kasese, magharibi ya Uganda, akauliza Milima ya Rwenzori iko wapi, aghalabu huonyeshwa mawingu. Amwonyeshaye hafanyi mzaha. Siku nyingi za mwaka milima hiyo hujifunika gubigubi tangu mabegani hadi utosini, na wako watu waliokaa chini yake juma zima wakaondoka wasiione theluji hata mara moja. Henry Morton Stanley mwenyewe alipita upande huu mwaka 1876, akafika karibu na ziwa ambalo leo twaliita George, asitambue ni kitu gani kilichosimama mbele yake. Theluji aliiona mwaka 1888, aliporudi katika nchi hizi akitokea upande wa Kongo. Habari aliyorejea nayo Ulaya ikaunganishwa na maandiko ya kale ya Ptolemy juu ya Milima ya Mwezi, ambayo yasemekana ndiyo mama wa mto Nile.

Wenyeji, bila shaka, hawakuwa na haja ya kugunduliwa mlima wao. Wakonzo, ambao upande wa Kongo ndugu zao huitwa Wanande, wameishi mabegani mwa Rwenzori vizazi na vizazi. Kwa lugha yao theluji ni nzururu, na Rwenzururu ni mahali penye theluji. Jina hilo ndilo lililochukuliwa na ufalme wao, ambao Serikali ya Uganda iliutambua rasmi mwaka 2009. Katika imani yao ya jadi, Nzururu ndiye baba wa Kithasamba na Nyabibuya, mizimu wenye mamlaka juu ya uhai wa watu na kuendelea kwa kizazi. Wawindaji wao walizijua njia na mapango ya juu walikowafuata pimbi. Lakini kwenda kuikanyaga theluji yenyewe kwa kutaka tu kusema kwamba umefika, hilo ni jambo lililoletwa na wageni.

Na wageni walifika. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi na mwana wa nyumba ya kifalme ya Italia, alikuja na msafara mkubwa, na tarehe 18 Juni akasimama juu ya kilele kikuu. Akakipa jina la Margherita, malkia wa Kiitalia. Kilele jirani, kipunguacho mita 18 tu, akakiita Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Ndiyo maana hata leo mtu apandaye huko juu hujiona kama aliyealikwa karamuni katika jumba la kifalme la Ulaya: huku Margherita, huku Alexandra, pale Elena, kule Vittorio Emanuele. Katika miaka ya 1970 Zaire iliuita mlima Stanley kwa jina la Ngaliema, na Ziwa Edward likaitwa kwa jina la Idi Amin. Ziwa hilo likaja kurudishiwa jina lake la awali. Mlima wenyewe haukutikisika kwa lolote katika hayo. Lakini Wakonzo waliobeba mahema, vyakula na mitambo ya kupigia picha ya msafara ule, wakapita miguu mitupu penye baridi iumayo mifupa, majina yao hayakupewa jiwe hata moja.

Margherita ina mita 5,109. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Uganda, na ndicho kirefu kuliko vyote katika Kongo pia, kwa maana mpaka wa nchi hizi mbili umepita juu yake. Katika Afrika nzima, Kilimanjaro na Mlima Kenya tu ndiyo inayoizidi. Walakini milima hiyo miwili ilijijenga yenyewe kwa kutapika moto na mawe yaliyoyeyuka, ilhali Rwenzori ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka ubavuni mwake. Kwa hiyo si mlima mmoja wenye kilele kimoja. Ni safu ya kilomita 120 hivi, na katikati yake imo milima sita ambayo msafara wa 1906 uliikuta yote ikiwa na barafu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Margherita ni kilele cha Stanley.

Sasa na tuifuate njia yenyewe. Upande wa Kongo ipo njia ianzayo Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Lakini vita na ukosefu wa usalama wa miaka mingi umeifanya iwe njia ya masimulizi zaidi kuliko ya miguu. Upande wa Uganda ziko mbili. Moja yaanzia Kilembe, penye machimbo ya shaba yaliyofungwa mwaka 1982. Nyingine, iliyo kongwe, yaanzia Nyakalengija, mahali palipo mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Hiyo kongwe ndiyo tutakayoishika. Huchukua siku saba au zaidi kidogo, kwenda na kurudi kwa kuzunguka.

Siku ya kwanza haina maneno mengi. Twaacha migomba na kahawa, twaingia katika msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Rwenzori, ambayo iliundwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Twapanda hadi banda la Nyabitaba, mita 2,650 hivi. Kima wanatutazama kutoka matawini. Mwenye bahati atamwona kinyonga mwenye pembe tatu puani, na mwenye macho makali atamwona bila ya kuonyeshwa na mpagazi. Usiku kuna mlio mkali utokao msituni, kama wa mtu anayekabwa. Huyo ni pimbi, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura.

Siku ya pili njia hushuka kwanza, jambo linalowaudhi wengi waliokwisha kujihesabia mita walizozipanda, ikafika penye daraja ambapo mito Mubuku na Bujuku hukutana. Hapo njia hugawanyika. Sisi twafuata bonde la Bujuku. Mianzi yaanza, yaisha, na baada yake twaingia katika kitu ambacho hatujui tukiite msitu au ndoto. Ni miti ya erika, jamaa za vichaka vidogo ambavyo huko Ulaya havimfiki mtu kiunoni, lakini hapa imekuwa mirefu kama nyumba. Kila tawi limevikwa kuvumwani nene, ya kijani, ya manjano na ya rangi ya kutu, na kutoka matawini hushuka ndevu za kijivu kama za mzee. Hakuna kishindo. Hata hatua zetu hatuzisikii. Jioni twafika katika banda la John Matte, na hapa twapenda kusimama kidogo, kwa sababu huyu si mtawala wala malkia. Alikuwa Mkonzo wa Ibanda, aliyewakusanya na kuwapanga wapagazi na viongozi wa wapandaji kwa miaka mingi. Katika safu nzima iliyojaa majina ya kigeni, jina lake limeandikwa juu ya mlango.

Baada ya hapo ndipo matope yaanzapo kweli kweli.

Mabwawa ya Bigo ni mawili, la chini na la juu, na yote mawili hayana sifa njema katika vinywa vya wapandaji. Bonde lote limejaa mashungi ya nyasi ngumu, yamesimama kama vichwa vya watu waliozikwa wima, na kati ya shungi na shungi ni tope jeusi, baridi, lisilo na sakafu ya kuaminika. Viatu vya ngozi vya bei kubwa havina thamani hapa. Hata mwenye mali hana budi kuvaa gambuti. Hapo zamani kazi ilikuwa ni kuruka kutoka shungi hadi shungi, na asiyeruka vema alizama hadi mapajani huku wenzake wakicheka, mpaka zamu yao nao ikafika. Siku hizi sehemu kubwa imetandikwa mbao. Kuna wapandaji wanaosema mbao hizo zimeuharibia mlima ladha yake. Tutaeleza baadaye kwa nini hatukubaliani nao.

Kutoka Bigo twafika Ziwa Bujuku, na kando yake banda lenye jina hilo, karibu mita 4,000. Hapa mimea imeacha kufanana na mimea tuijuayo. Senesio, ambazo mahali pengine ni magugu ya bustanini, hapa ni miti minene yenye vichwa vya majani mapana kama kabichi. Majani yake makavu hayaanguki, bali huning'inia na kulizunguka shina kama blanketi, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi yake, kwani usiku hapa maji huganda. Lobelia nazo zasimama kama minara. Iko aina ipendayo penye majimaji ambayo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, na chini ya kifuniko hicho cha barafu chipukizi hulala salama. Kila siku kiangazi, kila usiku kipupwe: hivyo ndivyo mimea hii inavyoishi.

Twaendelea kupanda, sasa kwa mikono na kwa miguu, hadi mabanda ya Elena, mita 4,540 hivi. Hapa ni mwamba mtupu. Hewa imekuwa haba. Pale kileleni itakuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya hewa ya pwani. Kichwa chauma, chakula hakipiti, usingizi waja na kuondoka. Mwenda pole hajikwai, na mlimani neno hilo lina maana ya kitabibu: anayepanda taratibu, siku baada ya siku, huupa mwili nafasi ya kuzoea. Mwenye kutapika bila kukoma, au kuyumba kama mlevi, au kukohoa huku akikosa pumzi hali amekaa kitako, hapaswi kubembelezwa aendelee. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo ikibidi. Kiongozi mwema hujulikana kwa watu aliowarudisha kama anavyojulikana kwa aliowafikisha.

Saa nane za usiku huamkwa. Sababu ni kwamba barafu ni imara kabla ya jua, na mawingu nayo huchelewa kuamka. Hufungwa meno ya chuma chini ya viatu, hufungwa kamba kutoka mtu hadi mtu, na kila mmoja hushika shoka lake la barafu. Hapo zamani aliyetoka Elena alikanyaga barafu karibu safari nzima. Leo huvuka barafu iliyosalia juu ya uwanda wa Stanley, akateremka kwenye mawe makavu chini ya Alexandra, akajishikilia kwenye kamba zilizofungwa mwambani, ndipo akaipata barafu ya Margherita, iliyo kali mwinuko na yenye nyufa. Juu yake tena ni mwamba. Halafu hakuna tena mahali pa kupanda.

Siku ikiwa njema, magharibi huonekana bonde la Semliki na misitu ya Kongo isiyo na mwisho, na mashariki Speke na Baker, vyeusi na vitupu. Siku ikiwa mbaya, na nyingi ni mbaya, huonekana kibao chenye jina la kilele, na mwenzako, na ukungu.

Weusi wa vilele hivyo ndio habari tuliyotaka hasa kuifikisha. Katika msafara wa mwaka 1906 alikuwamo mpiga picha Vittorio Sella, na picha alizozipiga zimekuwa shahidi asiyeweza kukanushwa, kwa maana mtu aweza kusimama pale aliposimama yeye, akalinganisha. Mwaka ule barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki 2. Mwaka 2003 haikufika hata 1. Katika miaka hii ya 2020 watafiti wameripoti kwamba barafu ya Speke na Baker imekwisha, au imebaki vipande visivyosogea tena, na ile ya uwanda wa Stanley inapungua mwaka hadi mwaka kwa kasi ya kutisha. Wataalamu wamebishana juu ya sehemu ya kila sababu, kama ni joto la hewa peke yake, au pia ni kupungua kwa mawingu na theluji mpya. Lakini kwamba joto la dunia limo, na kwamba halikutokana na moshi wa viwanda vya Kasese, hayo hayana mjadala. Mtoto wa Kikonzo azaliwaye leo huenda akarithi neno nzururu asiwe na kitu cha kuonyeshwa.

Hapa yafaa tusahihishe jambo moja lisemwalo sana. Husemwa kwamba barafu ikiisha, mito itakauka, na watu wa chini watakufa kwa kiu. Wachunguzi walipoyapima maji ya Mubuku pale unapotoka milimani, waliona kwamba sehemu itokanayo na kuyeyuka kwa barafu haifiki 2 kwa mia. Je, yaliyobaki hutoka wapi? Hutoka katika mvua, ambayo sehemu za juu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Na mvua hiyo haishuki yote kwa mara moja, kwa sababu hupokewa na kuvumwani, na mizizi ya erika, na lile tope la Bigo tulilolilaani tangu siku ya tatu.

Tope lile si udongo wa kawaida. Ni mabaki ya majani na nyasi yasiyooza, kwa kuwa baridi na maji vimeyanyima hewa, yakarundikana kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Hufyonza maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Miguu ya watu ikipita palepale msimu baada ya msimu, mashungi huvunjika, mifereji huchimbika, maji hukimbia, na tope hukauka. Likikauka huanza kuoza, na kilichochukua maelfu ya miaka hupotea katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Mbao zile zimewekwa kwa ajili hiyo. Hazikuwekwa ili zihifadhi soksi za watalii.

Mwenye kutaka kujua yatokeayo mlima unapovuliwa nguo yake, na aende Kilembe. Mwaka 2012 moto uliteketeza mimea ya juu katika bonde la mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha juu ya miteremko ile iliyoungua. Ardhi ikaporomoka, na mto ukashuka ukiwa na mawe makubwa kama magari. Watu walikufa, nyumba zilichukuliwa, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Wataalamu waliolichunguza tukio hilo waliona kwamba mvua peke yake haielezi kishindo kile. Moto wa mwaka uliotangulia ulikuwa na sehemu yake. Mei mwaka 2020 mafuriko yakarudi, na hospitali ileile ikapigwa tena. Katika mambo hayo barafu haikuwa na hatia wala haikuwa na msaada wowote.

Na si Kasese tu iliyo na haki ya kuuliza habari za matope hayo. Maji ya ubavu wa mashariki huendesha mitambo ya umeme ya Mubuku, hunywesha mashamba ya umwagiliaji yaliyo tambarare, kisha huingia Ziwa George, hupita katika mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na kutoka huko hutoka kwa mto Semliki upande wa Kongo. Semliki nao huuzunguka mlima kwa nyuma ukielekea kaskazini, ukipokea mito ishukayo kutoka ubavu wa magharibi. Kwa hiyo matone mawili yaliyoanguka pande mbili za kilele cha Margherita, moja Uganda na moja Kongo, hukutana tena katika mto mmoja, yakaingia Ziwa Albert, yakashika njia ya Nile hadi Misri. Wapita mpaka hao hawakuombwa vyeti.

Ndiyo sababu twaona si haki mlima huu uachiwe wageni peke yao kuupanda na kuusimulia. Ni kweli kwamba gharama ni kubwa kwa mwananchi wa kawaida, na si kila mwenye nia ataweza kufika penye barafu. Lakini si lazima kufika huko. Mwenye siku tatu aweza kufika Nyabitaba, akalala, akashuka hadi penye daraja na kurudi. Naye atakuwa ameyaona mabonde ambamo maji yake hutengenezwa. Miezi iliyo na nafuu ya mvua ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ingawa neno nafuu lisichukuliwe kwa maana ya ukavu. Atakayetaka kilele na ajipatie siku za kutosha, nguo za sufu, koti lisilopenya maji, gambuti zimfikazo magotini, na kiongozi wa pale pale mlimani ambaye atamsikiliza amwambiapo kurudi. Wapagazi wake awalipe wanachostahili. Na penye mbao, apite juu ya mbao.